Tuliosimama Kando ya Njia

Jumamosi iliyopita tulikutana watano mnadani Msalato, kama ilivyo desturi yetu. Nyama ya mbuzi ikiwa bado jikoni, mmoja wetu akatoa daftari la hesabu. Dodoma hadi Arusha kiasi cha kilomita 430. Arusha hadi Namanga 110. Namanga hadi Nairobi 165, na kutoka Nairobi kushuka hadi Naivasha kama 90 hivi. Kwenda peke yake ni karibu kilomita 800, na bado hatujagusa chakula, malazi, vitambulisho vya kuvukia mpaka, wala kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tulijumlisha, tukajumlisha tena, tukatazamana. Hakuna aliyesema haendi.

Tunakwenda kutazama Safari Rally. Kati yetu watano hakuna aliyewahi kuiona kwa macho yake. Tumeiona kwenye simu na kwenye runinga za vibanda vya mpira: gari likiibuka ndani ya wingu la vumbi, twiga wakiwa nyuma yake, mtangazaji akipaza sauti kwa lugha ya watu wengine. Tumewazoea madereva wake kama wachezaji wa Simba na Yanga. Lakini sauti ya injini ikisikika kutoka mbali kabla gari halijaonekana, na vumbi lile kukuingia kinywani, hayo simu haileti.

Nikiwa nimeshika daftari lile nilikuwa nafikiria jambo jingine. Ipo zamani ambapo mtu wa nchi hii hakuhitaji nauli ya kwenda kuiona Safari. Alihitaji kujua siku tu, kisha akatoka nje, akasimama kando ya njia.

Na kusimama kando ya njia, sisi watu wa nyanda za kati tunakujua. Karne ya kumi na tisa, neno safari lilipokuwa na maana ya msafara wa wapagazi, njia kuu ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na kabla yao na baada yao misafara ya wafanyabiashara wa pwani isiyo na idadi. Wote walilalamikia mambo mawili: ukame na hongo. Watemi wa Kigogo walidai nguo na shanga kabla ya kumruhusu mgeni kuteka maji na kupita. Wasafiri waliandika hayo kwa hasira, kana kwamba walikuwa wanaibiwa. Mimi nayasoma tofauti. Mwenye kisima katika nchi ya vumbi ana haki ya kuuliza anayekunywa ni nani na anakwenda wapi. Neno hilo safari, lililobebwa kwenye mabega ya wapagazi, ndilo baadaye lililoandikwa ubavuni mwa magari ya mashindano, na leo linatamkwa Helsinki na Tokyo bila kutafsiriwa.

Reli ikafika Dodoma mwaka 1910, misafara ya miguu ikafifia. Kisha ikaja injini ya barabarani, na hapo ndipo ardhi yetu ilipoonyesha tabia yake. Aprili 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliikamata Kondoa. Mvua zikawakuta hapo hapo. Magari ya kuwaletea chakula na risasi kutoka kaskazini yakakwama matopeni, na jeshi zima likabaki kama limefungiwa ndani ya chumba, likila kwa kupimiwa huku kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akilishambulia mwezi Mei. Miaka thelathini baadaye, 1947, Waingereza wakaleta matrekta Kongwa kulima karanga. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe, na kiangazi kilipofika udongo ukakauka hata ukawa kama tofali. Mradi ukafutwa mwaka 1951. Mzee wa Kongwa akikuonyesha palipokuwa na karakana, hakuna anachocheka. Watu wengi walivunjika migongo pale kwa ajili ya mafuta ya kula ya mezani kwa wengine.

Kwa hiyo, ilipofika 1953 na watu wa Nairobi wakatangaza mashindano ya kuendesha magari ya kawaida kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nchi hii ilikuwa na sifa yake tayari. Wazo lilikuwa la Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent. Vincent hakupenda kuzungukazunguka kwenye uwanja wa mashindano. Alitaka mtu apande gari, afunge mlango, aende. Kwanza walifikiria kulizunguka Ziwa Victoria, kisha wakaiogopa hali ya barabara za upande wa magharibi. Mashindano ya kwanza yakaitwa Coronation Safari, yakaanza tarehe 27 Mei hadi 1 Juni. Magari yaliondokea Nairobi, Kampala na Morogoro. Hapakuwa na mshindi mmoja wa jumla mwaka ule, ila waliopata adhabu chache kuliko wote ni Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen ile ndogo yenye mgongo kama wa kobe.

Taratibu zake zilikuwa rahisi, mtoto wa shule angeweza kuzieleza. Magari yalikuwa yale yale yanayouzwa dukani, nayo yaligawanywa katika makundi kwa bei. Barabara haikufungwa: dereva wa mashindano alikutana na lori la mahindi, basi, punda na kundi la ng'ombe, kama wewe na mimi. Kutoka kituo hadi kituo alipewa muda, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Mwendo mzima baadaye ulifikia kama kilomita 5,000 kwa siku nne au tano, usiku na mchana. Dereva na msoma ramani wake walikuwa wakilala kwa zamu ndani ya gari linalorukaruka.

Baadaye mashindano yakahamishiwa Pasaka, na hapo ndipo yalipopata ukali wake wote, kwa sababu Pasaka ni mvua. Huku kwetu kifuku huwa kinaelekea ukingoni, mito ya mchanga imejaa, na mbuga nyeusi zimelainika. Asiyeujua udongo ule hawezi kuelewa. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Mvua ikinyesha unavimba na kunata, unalivaa gurudumu kama kiatu, mpaka matairi manne yanakuwa mabonge manne ya udongo yasiyoshika chochote. Injini inanguruma, gari halitoki. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden, mtu wa miraba minne, alikwama hivyo na Saab yake ndogo. Yeye na msoma ramani wake Gunnar Palm wakaibingirisha kwa mikono, ikalala juu ya paa, wakaibingirisha tena mpaka ikasimama pakavu, wakapanda na kuendelea. Walimaliza wa pili. Waandishi hawakuamini, basi Carlsson akaibingirisha mbele yao.

Kwa upande wa Tanganyika jina lililotisha lilikuwa Mbulu. Barabara inatoka kwenye baridi ya nyanda za juu, inateremka ukingo wa Bonde la Ufa pale Magara kwa kona zinazoning'inia juu ya Ziwa Manyara. Ikinyesha, mteremko ule wa udongo mwekundu unakuwa sabuni. Baba yangu, mzaliwa wa Kondoa, alisoma shule ya kati Mbulu miaka ya sitini. Yeye na wenzake waliamka usiku, wakatembea na tochi ya betri mbili, wakakaa kwenye kingo za barabara wakiwa wamejifunika mablanketi. Taa zilionekana kwanza, mbali sana, zikipotea na kuibuka kila kona. Alituambia kwamba ule muda wa kuzingoja taa ndio uliokuwa utamu. Gari lenyewe likifika lilipita kwa kufumba na kufumbua, au lilikwama, na likikwama walishuka kusukuma. Aliwahi kurudi shuleni matope yamemfika masikioni, akachapwa viboko, na mpaka anafariki alikuwa anasema viboko vile havikumuuma.

Hesabu za miaka ile zinaonyesha kwa nini watoto walikesha. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, yakarudi 7 tena. Na mara zote mbili aliyekuja mbele ni Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Anayeliona hilo kama bahati hajawahi kuendesha katika mvua.

Tanganyika, kisha Tanzania, haikuwa uwanja wa kukanyagwa na wengine tu. Bert Shankland, Mskochi aliyeishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda mwaka 1966, wakashinda tena 1967, nao kwa Peugeot 404. Nashangaa jinsi jina hili lilivyosahaulika huku kwetu. Waulize vijana kumi wa Dodoma wanaopenda magari, watakutajia Joginder Singh wa Kenya, yule Simba aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika, akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Watamtaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano. Shankland hawamjui, na gari lililoshinda lilitoka Dar es Salaam, miaka miwili mfululizo.

Pijo zenyewe hawajazisahau. 404 na baadaye 504 zilikuwa teksi, zikawa magari ya mkuu wa wilaya, zikawa magari ya kubebea maharusi na majeneza. Watu walizinunua kwa sababu walikuwa wameona zikipita mahali ambapo gari halipiti. Hapo ndipo ilipokuwa maana ya Safari kwa mtu wa kawaida. Yalikuwa maonyesho ya bidhaa yaliyomfuata mnunuzi mpaka kijijini kwake, na hakuna aliyeweza kumdanganya, kwa kuwa matope yale aliyajua mwenyewe. Datsun nazo zilijenga jina hivyo hivyo. Zilishinda 1970 na 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, kisha Mehta akaendeleza 1973, na muda si mrefu pikapu za Datsun zikawa zinabeba magunia ya karanga na mtama kila mnada.

Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam. Hannu Mikkola wa Ufini na Gunnar Palm, yule yule wa Saab iliyobingirishwa, wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, kwa Ford Escort. Mwaka uliofuata ubingwa wa dunia wa rali ukaanzishwa rasmi na Safari ikawa mojawapo ya mashindano yake. Ungedhani ndiyo kwanza mlango unafunguka. Lakini Oktoba 1973 chama cha TANU kikaamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Pasaka iliyofuata, ya 1974, Safari ikafanyika ndani ya mipaka ya Kenya peke yake. Jina la Afrika Mashariki likaondolewa, ikabaki Safari Rally. Miezi ile ile ambayo nchi iliamua kuja Ugogo, mbio ziliiaga Tanzania.

Kisha mambo yakaharibika zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukabaki hivyo hadi 1983. Katika miaka hiyo shabiki wa Dodoma hata angekuwa na nauli asingepita Namanga. Alitegemea redio. Nakumbuka sehemu ya mambo haya mwenyewe, mwishoni mwake: redio ya mbao juu ya kabati, sauti ikija na kwenda kama mtu anayezungumza akipeperushwa na upepo, na baba akituonya tusitembee sakafuni ili mawimbi yasipotee. Majina ya madereva kama Waldegård na Kankkunen tuliyatamka tulivyoweza. Ian Duncan aliposhinda mwaka 1994 kwa Toyota Celica, na Patrick Njiru akashika nafasi ya nne kwa Subaru, mtaani kwetu watoto walikata matairi ya ndala, wakaunda Subaru za mabua na za madebe ya mafuta, wakazichimbia barabara kwenye mchanga wa korongo. Nilikuwa miongoni mwao, na umri wangu ulikuwa umeshapita wa michezo hiyo.

Baada ya 2002, mwaka alioshinda Colin McRae, Safari ikatolewa katika ubingwa wa dunia. Miaka kumi na tisa ilipita. Wapo walioamini kwamba haitarudi. Ilipangwa kurudi 2020, ugonjwa wa korona ukaizuia, ikarudi Juni 2021 na Sébastien Ogier akaichukua, Takamoto Katsuta wa Japani akiwa wa pili. Kalle Rovanperä akashinda 2022 na 2024, Ogier tena 2023, Elfyn Evans 2025. Mwaka 2024 ilirudishwa kwenye Pasaka yake ya zamani, na matope yakaonekana kwenye runinga kama yale aliyoyasimulia baba.

Si Safari ile ile, lazima nikiri. Kilomita 5,000 za barabara wazi zimekuwa vipande vilivyofungwa, mia tatu na ushee kwa jumla, vinavyozunguka Naivasha na kupimwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Huwezi tena kusikia kwamba gari limepotelea usiku kati ya mji na mji. Watu wa umri wa baba yangu hulisikitikia hilo, nami nawaelewa. Hata hivyo vumbi la kipande cha Kedong, laini kama unga wa muhogo, lenye mawe yaliyozama chini yake, limevunja magari ya watengenezaji wakubwa kila mwaka tangu 2021. Ardhi ya Bonde la Ufa haijabadilika tabia kwa sababu saa zimebadilika.

Watu hutuuliza kwa nini tusitosheke na mbio za hapa nyumbani. Tunazipenda. Morogoro ni saa chache tu kutoka hapa, na Mkwawa Rally ya ubingwa wa Afrika imetupa siku nzuri sana. Yapo pia mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003 kwa kuadhimisha miaka hamsini ya Safari. Baadhi ya miaka yamevuka mpaka na kupita Arusha, na hiyo kwangu ni hoja tosha kwamba barabara za nchi hizi bado zinaweza kuunganishwa kwa mbio. Ningependa kuiona siku Safari ya ubingwa wa dunia inakanyaga tena upande huu, walau kipande kimoja, walau pale Magara. Waandaaji wa leo wanataka kila kitu kiwe karibu na karakana kuu moja, kwa hiyo najua naomba jambo gumu. Naliomba hata hivyo.

Tulipokuwa tunajadili njia, yule mwenye daftari, ambaye kazi yake ni udereva wa malori, alinikumbusha kitu. Barabara tutakayopita, ya Makutupora, Mayamaya, Chemba, Kondoa, Kolo, Bereko, Bonga mpaka Babati, ni sehemu ya ile njia kuu ya Kaskazini, kutoka Cape Town kwenda Cairo. Kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa shimo la magari ya nyanda za kati. Yeye mwenyewe aliwahi kulala siku tatu kabla ya Bereko, lori limezama mpaka kwenye chesisi, wakila ndizi za abiria. Tarehe 27 Aprili 2018 Rais Magufuli aliizindua ikiwa lami tupu, kilomita 251, pale Bicha, Kondoa. Leo mtu anakunywa chai Dodoma na kula chakula cha mchana Babati. Barabara ambayo ingeweza kuwa kipande kikali kuliko vyote vya Safari haipo tena, imefunikwa. Na ni kwa sababu imefunikwa ndiyo maana sisi tunaweza kufika Naivasha bila kukopa wiki mbili za likizo.

Nilimtazama akisema hayo. Mababu zake, kama wangu, walisimama kando ya njia wakitazama safari za wengine: wapagazi wenye pembe, wanajeshi wenye njaa, matrekta ya Kongwa, Volkswagen za kobe. Mara hii tunaondoka sisi, na mtu wa Naivasha ndiye atakayetuona tukipita na mabegi yetu.

Kilichobaki ni mabishano ya mahali pa kusimama. Mmoja anataka Sleeping Warrior siku ya Jumamosi, anasema pale gari unaliona kwa kilomita kadhaa kabla halijakufikia, na mimi moyoni nipo upande wake kwa ajili ya zile taa za baba. Mwingine haafiki, anataka Hell's Gate siku ya Jumapili, mshindi anapojulikana. Dereva wa lori anataka Kedong na hataki kusikia jingine. Mdogo wetu, mwenye ekari mbili za zabibu kule Hombolo, alikuwa kimya muda wote, kisha akasema mwaka 2025 waliongeza kipande kipya siku ya Alhamisi, na kinaitwa Mzabibu. Yeye ataanzia hapo. Hatukuwa na hoja ya kumpinga, kwa hiyo ni lazima tufike Naivasha Jumatano usiku, na basi la Arusha linaondoka Nzuguni alfajiri.